Kimulimuli Huzima ili Ajibiwe

(Mazungumzo ya jioni, kama yalivyosomwa redioni)

  Twajua ya kuwa wengine wenu mmerudi shambani sasa hivi, wengine mko jikoni mkipika chakula cha jioni, na wengine mmelala kitandani kwa ugonjwa, na redio ndiyo rafiki yenu usiku huu. 

Jioni hii twataka kuzungumza nanyi juu ya mdudu mdogo ambaye watoto wengi waliolelewa mashambani wamewahi kumkimbiza gizani. Mdudu huyu ni kimulimuli. Wengine humwita kimetameta. Siku hizi ukitaja kimulimuli mjini, watu hufikiri unasema habari za ile taa iwakayo na kuzima juu ya gari la polisi au la wagonjwa. Lakini mdudu alikuwako kabla ya magari, na ni taa iliyoazima jina lake kwa mdudu.

Si muda mrefu uliopita tulikwenda kumtembelea mzee mmoja, rafiki yetu wa siku nyingi, kijijini kwake. Nyuma ya nyumba yake kuna bonde dogo lenye miti na kijito cha maji. Mvua zilikuwa zimeanza. Tulipokuwa tukinywa chai barazani, tulimwuliza kama vimulimuli wangali wako kule bondeni kama zamani. Mzee akatikisa kichwa.

"Walikwisha," akasema. "Hawa wajukuu wangu hawawajui. Labda ni zile dawa za mashambani, labda ni dunia tu imebadilika."

Yapata saa mbili usiku umeme ukakatika. Ile taa kubwa ya mlangoni, ambayo mwanawe alimwekea kwa ajili ya usalama, ikazimika. Tukakaa gizani tukingoja mama alete mshumaa. Macho yetu yalipoanza kuzoea giza, mjukuu mmoja akapaza sauti, "Babu, tazama kule!" Tukatazama. Kule bondeni, katikati ya miti, kulikuwa na nuru ndogo ndogo, moja hapa, nyingine pale, zikiwaka na kuzima, zikiwaka na kuzima. Mzee akasimama, akashika nguzo ya baraza, asiseme neno kwa muda. Kisha akasema polepole, "Kumbe wako. Kumbe ni mimi niliyekuwa siwaoni."

Wapenzi wasikilizaji, neno lile la mzee tulirudi nalo nyumbani. Tukaanza kusoma na kuuliza: Je, mdudu huyu huwaka kwa nini? Na kwa nini huzima? Haya tuliyojifunza ndiyo tutakayo kuwaeleza usiku huu.

Kwanza, kimulimuli ni nani? Si nzi, wala si nyigu. Ni mdudu wa jamii ya mbawakawa, wale wenye mabawa mawili magumu yanayofunika mawili laini yaliyo chini yake. Duniani kote wataalamu wamekwisha kuhesabu aina zaidi ya 2,000 za vimulimuli. Sehemu kubwa ya maisha yake hatuioni. Mama hutaga mayai penye udongo wenye unyevu, na buu anayetoka katika yai huishi ardhini au chini ya majani yaliyooza. Huko huwinda konokono na nyungunyungu, akila na kukua. Katika aina nyingi buu huyo hukaa hivyo mwaka mmoja, au hata miwili. Kisha hujibadilisha, huota mabawa na kutoka. Na baada ya kungoja muda wote huo, kimulimuli mwenye mabawa huishi majuma machache tu. Wengi wao hawali kitu tena. Kazi iliyobaki ni moja, kumtafuta mwenzi kabla siku hazijaisha. Nuru ile unayoiona gizani ndiyo sauti yake ya kuita.

Nuru hiyo hutoka tumboni mwake, upande wa chini karibu na mwisho. Humo mna kemikali iitwayo lusiferini, na nyingine inayoichochea, iitwayo lusiferasi. Msishtuke kwa majina hayo. Yametoka katika neno la Kilatini lenye maana ya mchukua nuru. Mfaransa Raphaël Dubois ndiye aliyeyatumia majina haya katika miaka ya 1880, alipokuwa akichunguza viumbe vitoavyo nuru. Mwaka 1947 Mmarekani William McElroy alionyesha kwamba kuna kitu cha tatu kinachohitajika, nacho ni ile kemikali ambayo miili yote yenye uhai huitumia kubebea nguvu, hata mwili wako wewe unayetusikiliza. Vitu hivi vikikutana na oksijeni ya hewani, nuru hutokea. Nayo haina joto kama la taa ya chemni au la kijinga cha moto. Mtoto akimshika kimulimuli mkononi haungui.

Basi kimulimuli huwashaje na kuzima kwa upesi namna ile? Hutawala hewa inayofika penye kemikali hizo. Neva zake zikitoa amri, oksijeni hufikishwa ndani na nuru hutokea. Oksijeni ikikatizwa, nuru huzima. Kwa hiyo kuzima kwake si kuishiwa, wala si kuchoka. Huzima kwa mpango, kama vile anavyowaka kwa mpango.

Hapo ndipo penye jambo kubwa. Ili tulielewe vizuri, natuondoke kidogo kule bondeni kwa mzee, twende mbali hadi Marekani, kwa sababu huko vimulimuli wamechunguzwa kwa makini kwa miaka mingi.

Katika miaka ya 1960 mtaalamu mmoja aitwaye James Lloyd alizunguka usiku baada ya usiku katika mabonde na kando za misitu ya Marekani, akiwa na saa na daftari. Alitaka kujua kama kila aina ya kimulimuli ina namna yake ya kumweka, yaani kuwaka mara moja kisha kuzima. Aliyoyaona aliyachapisha mwaka 1966. Akaonyesha kwamba mimweko yao ni kama lugha. Dume huruka akimweka kwa hesabu ya aina yake. Aina moja humweka mara moja, nyingine mara mbili upesi upesi, nyingine huchora gizani alama kama ndoana. Jike naye huwa ametulia chini, juu ya unyasi au jani, akitazama. Akiiona hesabu ya aina yake, hungoja kidogo, kisha hujibu kwa mmweko mmoja.

Tazameni kimulimuli mmoja ajulikanaye sana huko Marekani, ambaye jina lake la kisayansi ni Photinus pyralis. Dume humweka mara moja kila baada ya sekunde 6 hivi. Jike wa aina yake hujibu sekunde 2 hivi baada ya mmweko wa dume. Ni kwa kungoja huko dume humtambua. Jibu likija mapema mno, au likichelewa mno, dume hupita na kwenda zake. Kama jibu limekuja kwa wakati wake, dume hugeuka, hushuka kidogo, humweka tena, na kungoja tena. Hivyo huulizana na kujibizana mpaka wakutane.

Je, mmeliona jambo lililo hapo? Dume hamweki mfululizo. Humweka, kisha huzima. Na katika kuzima kwake, anatazama. Kama asingezima, asingeliona jibu. Giza lile la sekunde chache ndiyo nafasi ya mwenzake kusema.

Sasa twendeni ndani ya msitu wenyewe. Katika jimbo la Tennessee kuna Hifadhi ya Taifa ya Great Smoky Mountains, iliyoanzishwa mwaka 1934. Humo mna mahali paitwapo Elkmont. Mwanzoni mwa karne ya 20 palikuwa kambi ya wakata mbao. Miti ilikatwa, ikachukuliwa kwa gari moshi. Baadaye msitu ulirudi. Leo miti ni mirefu tena, na chini yake kuna majani makavu, mawe yenye kuvu, na vijito vya maji baridi. Katika hifadhi hiyo kuna aina 19 au zaidi za vimulimuli. Mmoja wao aitwa Photinus carolinus, naye ana ajabu yake.

Kwa majuma machache, kati ya mwisho wa Mei na katikati ya Juni, madume wa aina hii humweka pamoja. Si wawili wala watatu, bali ni maelfu. Msitu uko gizani kabisa. Mara mmoja anamweka, wengine wanamfuata, na kabla hujavuta pumzi msitu mzima unawaka kwa mpigo mmoja. Humweka mara 5, au 6, au hata 8, mmweko baada ya mmweko, kama wanakwaya wanaotazama mkono wa mwalimu wao. Kisha wote huzima. Giza hurudi, giza kuu kweli kweli, kwa muda wa sekunde 6 au 8 hivi. Halafu huanza tena. Usiku ukiwa na baridi mwendo wao huwa wa polepole, na usiku ukiwa na joto huwa wa upesi.

Kwa muda mrefu wataalamu walifikiri jambo hili halipo Marekani. Walijua kwamba liko Asia. Daktari mmoja Mjerumani, Engelbert Kaempfer, alikuwa ameliona huko Siam, ambayo leo ni Thailand, mwaka 1690, na akaandika habari zake. Katika miaka ya 1960 John Buck na mkewe Elisabeth walikwenda Thailand kulichunguza, wakawaachia vimulimuli chumbani mwao hotelini Bangkok, taa zikiwa zimezimwa, wakawaona wakianza kumweka pamoja ukutani. Lakini wengine waliposema wameona jambo kama hilo kwao Marekani, hawakuaminiwa. Mwaka 1917 Philip Laurent aliandika kwamba naye alidhani ameliona, kisha akaamua kuwa vimulimuli hawakufanya kitu. Zilikuwa ni kope za macho yake mwenyewe zilizokuwa zikifumba na kufumbua!

Aliyewafumbua macho wataalamu alikuwa mama mmoja aitwaye Lynn Faust. Jamaa yake walikuwa na nyumba ya mapumziko pale Elkmont, na kila mwaka walikaa barazani usiku, wazee kwa watoto, wakiitazama nuru ya msituni. Kwao lilikuwa jambo la kawaida. Hapo mapema katika miaka ya 1990, aliposoma kwamba wataalamu hawajui vimulimuli wa namna hiyo katika nchi yake, aliandika barua kuwaeleza. Mwaka 1993 mtaalamu Jonathan Copeland akaja kujionea. Mwaka 1995 yeye na mwenzake Andrew Moiseff wakachapisha ushuhuda kwamba ni kweli. Basi jambo ambalo wenye elimu walilikana, jamaa waliokaa barazani walikuwa wameliona miaka yote. Hawakuwa na chombo chochote cha ajabu. Walikuwa wamekaa tu gizani, wakatulia, wakatazama.

Lakini bado palikuwa na swali. Kwa nini humweka pamoja? Copeland na Moiseff waliendelea na kazi hiyo, na mwaka 2010 wakatoa jibu. Waliwachukua majike, wakawaweka mahali pa giza, na badala ya madume wakatumia taa ndogo ndogo za umeme. Taa hizo zilipomweka zote kwa pamoja kwa hesabu sawa, majike walijibu zaidi ya mara 8 katika kila mara 10. Taa hizo hizo zilipomweka kila moja kwa wakati wake, majike walijibu mara 1 tu katika 10, au chini ya hapo.

Maana yake ni nini? Fikirini soko siku ya gulio, kila mchuuzi akipaza sauti kwa bidhaa yake. Mtu aliye mbali hasikii neno, husikia kelele tu. Ndivyo alivyo jike aliye chini, penye majani makavu, katikati ya madume maelfu. Kila dume akimweka apendavyo, hesabu zao huchanganyikana, na jike hawezi kusoma chochote. Lakini wakimweka pamoja, hesabu inasomeka. Na wakizima pamoja, giza linapatikana. Ni katika giza hilo jike hujibu kwa nuru yake hafifu, iliyo dhaifu kuliko ya dume. Kama hata madume kumi wangekataa kuzima, jibu hilo lingepotea machoni.

Wachunguzi wengine, Raphaël Sarfati na Orit Peleg, wamefanya kazi katika msitu uo huo kwa hema na kamera. Waliona kwamba kimulimuli mmoja wa aina hii, akiwekwa peke yake hemani, hamweki kwa mpango wa kudumu. Mara hungoja sekunde chache, mara dakika nyingi. Wakiongezwa wenzake, hata kufika 15 hivi, mwendo wa pamoja huanza kuonekana. Hakuna kiongozi anayewapigia mbiu. Kila mmoja humtazama jirani yake, na mpango huzaliwa kutokana na kutazamana huko.

Hata hivyo, wapenzi, tusiwafiche upande mwingine wa habari. Katika mabonde hayo hayo kuna kimulimuli mkubwa zaidi wa kundi liitwalo Photuris. Jike wake, akiisha kukutana na dume wa aina yake, hubadili mazungumzo. Huketi unyasini na kuwatazama madume wa aina nyingine wanaopita. Akiona hesabu yao, hujibu kwa wakati ule ule ambao jike wao angejibu. Dume masikini hushuka akidhani ameitwa na mwenzi, na jike huyo humkamata na kumla. James Lloyd alieleza habari hii mwaka 1965. Baadaye, mwaka 1997, mtaalamu Thomas Eisner na wenzake walionyesha faida anayoipata. Katika miili ya wale madume mna sumu chungu inayowafukuza buibui na ndege, na yule jike akiwala hujitwalia sumu hiyo kuwa ngao yake mwenyewe.

Basi si kila nuru inayokujibu inakutakia mema. Ndiyo maana dume mwenye busara hakimbilii mmweko wa kwanza. Hushuka kidogo, huuliza tena, hungoja tena. Ninyi vijana mnaotusikiliza, hasa mnaofika mjini kwa mara ya kwanza mkaahidiwa kazi nzuri na mtu msiyemjua, likumbukeni jambo hili. Uliza mara ya pili. Ngoja. Anayekutakia mema hatakasirika kwa kuulizwa.

Sasa turudi kwa mzee wetu na taa yake ya mlangoni. Hakuwa amekosea alipozitaja dawa za mashambani. Mwaka 2020 wataalamu wa nchi mbalimbali waliulizwa mambo yanayowaangamiza vimulimuli. Walitaja kwanza kuharibiwa kwa makao yao, yaani misitu, mabonde yenye unyevu na kando za mito. Kisha wakataja mambo mawili: nuru ya taa zetu usiku, na dawa za kuua wadudu. Mwaka uliofuata, aina nyingi za vimulimuli wa Marekani na Kanada zilipokaguliwa, ilionekana kwamba 14 katika kila 100 zimo hatarini. Na zaidi ya nusu ya aina hizo hazikuweza kupimwa, kwa kuwa habari zake zilikuwa chache mno.

Makao yakiharibiwa tunaona kwa macho. Mti umeanguka, kinamasi kimekauka. Dawa tunaisikia kwa harufu. Lakini taa huharibu bila kelele, na sisi twaiita maendeleo. Hatuilaumu taa, la hasha. Nani asiyejua raha ya mama anayejifungua penye taa nzuri, au ya mtoto anayesoma bila moshi wa koroboi? Taa ya mlangoni imezuia wezi wengi. Lakini taa inayomulika bonde usiku kucha, mahali ambapo hapana mtu wala mlango, yamfaa nani? Kule bondeni dume anamweka, na jike hamwoni. Jike akijibu, dume halioni jibu lake. Wote wawili wako hai, wamekaribiana pengine kwa hatua tano, na majuma yao machache yanapita. Mwaka unaofuata mayai ni machache. Na mwenye nyumba husema, "Walikwisha," wala hajui ya kuwa wameitana mbele ya mlango wake.

Kwa hiyo, wewe uliye na bonde, au kijito, au kichaka karibu na kwako, jaribu jambo hili mvua zitakapoanza. Zima taa za nje. Keti ungoje, maana macho huchukua dakika nyingi kuzoea giza. Ukihitaji tochi, ifunge kwa karatasi laini nyekundu na uielekeze chini, nayo uiwashe wakati wa kutembea tu. Pita njiani, usiingie majanini, kwa kuwa jike huenda yuko hapo chini ya mguu wako. Usiwakamate kuwatia chupani. Kisha hesabu. Amemweka mara ngapi? Giza lake ni la sekunde ngapi? Anaruka juu au chini? Je, kuna nuru nyingine inayomjibu kutoka nyasini? Waite watoto wahesabu pamoja nawe. Huko Elkmont watu wanaotaka kuona jambo hili ni wengi mno, hata wasimamizi wa hifadhi hupiga kura ya kuchagua watakaoingia. Wewe huenda unalo lako nyuma ya jiko, bila kura wala kiingilio.

Wapenzi wasikilizaji, tukimaliza, tunajiuliza sisi wenyewe swali moja. Sisi humweka sana. Twasema sana. Hata tunapomwomba Mungu, twataja haja zetu moja baada ya moja, kisha twasema amina na kuinuka upesi, kama mtu aliyebisha hodi akakimbia kabla mlango haujafunguliwa. Ni lini tunazima ili tujibiwe? Na nyumbani je? Baba anarudi jioni na maneno yake, mama ana yake, redio inaimba, simu inalia. Mtoto aliyerudi kutoka shule ya bweni amekaa pembeni na neno zito moyoni mwake. Analo jibu, au analo swali. Lakini nuru yake ni hafifu, nayo haionekani penye mwanga mwingi kama huo. Baadaye twasema, "Mtoto huyu amebadilika, hasemi nasi tena." Labda husema. Labda ni sisi tusiomwona.

Mzee wetu hakuing'oa taa yake. Mwanawe aliifunika juu kwa kipande cha bati, ikamulika mlango tu na si bonde. Tena siku hizi, mvua zikiwako, wakiisha kula huizima kwa muda, wakakaa barazani pamoja na wajukuu. Tulipomwuliza wanafanya nini hapo gizani, alicheka, akasema, "Mwanzoni tulikuwa tunahesabu vimulimuli. Sasa watoto wananieleza habari za shule."

Nasi, kipindi chetu kimefika mwisho. Kwa kawaida twawaombeni msiondoke karibu na redio zenu. Usiku huu tunaomba kinyume chake. Tukiisha kuagana, izimeni kwa kitambo kidogo, na kama mnaweza, izimeni na taa. Mwe kimya. Mtazame ni nani aliye karibu nanyi anayengoja nafasi ya kujibu.

Mungu awabariki nyote. Kwa herini, hadi tutakapokutana tena.